Xeon ya viini 14 au Ryzen ya viini 6? Prosesa ya michoro na gemu kwa Sh150,000

SWALI

Kwako Mshauri, salamu nyingi kutoka Kisumu.

Mimi huchora ramani za nyumba. Kazi yangu kubwa iko kwenye ArchiCAD, picha za kumwonyesha mteja nazitoa kwa Lumion, na mara kwa mara napata kazi ya mabango, ambayo naifanya kwa Photoshop na Illustrator. Jioni mimi na mdogo wangu hucheza EA Sports FC, naye ameshikilia kwamba mashine mpya lazima iweze Warzone pia.

Kwa sasa natumia Dell OptiPlex 9020 yenye Core i5-4570 na RAM ya GB 8. Nyumba ya vyumba vitatu inachorika bila shida. Nikifika kwenye ghorofa, kuzungusha jengo kwenye 3D ni kusubiri, na Lumion hata kufunguka haifunguki. Nimeweka akiba ya Sh150,000. Skrini ninayo, ya 1080p na hezi 60, na UPS ya VA 650 ambayo siwezi kufanya kazi bila hiyo kwa jinsi stima ya huku inavyopotea.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Muuzaji mmoja hapa mjini ana HP Z440 ya ex-UK: Xeon E5-2680 v4, RAM GB 32, kadi ya Quadro M4000. Bei yake iko chini sana ya akiba yangu, na anasema viini 14 na nyuzi 28 haviwezi kushindwa na programu yoyote. Fundi ninayemwamini anataka aniundie mashine mpya ya Ryzen, lakini viini ni 6 au 8 tu. Binamu yangu wa Nakuru anasema nichukue Core i7-14700K nimalize maneno.

Nichukue ipi? Na kuna chochote cha OptiPlex ninachoweza kuhamishia mashine mpya?

Mchora Ramani, Nyalenda, Kisumu

JIBU

Ndugu Mchora Ramani,

Z440 iache, na i7-14700K iache pia. Nunua Ryzen 5 7600 ikiwa RAM ya DDR5 (kizazi kipya cha RAM) ya GB 32 inaingia kwenye akiba yako. Isipoingia, nunua Ryzen 7 5700X na RAM ya DDR4, kizazi kilichotangulia. Fundi wako yuko sawa, na sababu ya kwanza unaweza kujionea leo kwenye OptiPlex hiyohiyo.

Fungua lile jengo la ghorofa linalokusumbua. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya Performance, bofya kulia juu ya grafu ya CPU, kisha uchague Change graph to, halafu Logical processors. Grafu moja itagawanyika kuwa nne, kwa sababu i5-4570 ina viini 4 (sehemu za prosesa zinazopiga hesabu) na haina nyuzi za ziada (foleni ya pili ya kazi ndani ya kila kiini). Sasa badilisha ukuta mmoja au ufungue mwonekano mpya wa 3D huku ukitazama. Utaona grafu moja imepanda hadi juu, nyingine tatu zimelala. Pengine mlima huo utaruka kutoka grafu moja hadi nyingine, kwa kuwa Windows huihamisha kazi, lakini jumla itasimama karibu na asilimia 25. Wewe unasubiri, na robo tatu ya prosesa yako haina la kufanya.

Kazi hiyohiyo ukiipeleka kwenye Xeon ya nyuzi 28, uzi mmoja ukijaa, jumla itasoma takriban asilimia 4. Viini vingine 13 vitakuwa vimekaa. Programu nyingi za kuchora huhesabu hatua kwa hatua, hatua ya pili ikingoja jibu la kwanza: ukisogeza ukuta, mlango ulio ndani yake husogea, kisha paa, kisha vipimo. Hesabu ya namna hiyo haigawiki kwa watu 14. Ndiyo maana AutoCAD, SketchUp, Revit kwa sehemu kubwa, na Illustrator hutegemea kasi ya kiini kimoja. ArchiCAD ni afadhali kidogo, kwani hutumia viini vya ziada kuandaa nyuma ya pazia sura za jengo na mikato, lakini mkono wako ukiwa kwenye maus, kiini kimoja ndicho kinachokuweka ukingoja.

Xeon E5-2680 v4 ilitoka 2016. Kasi yake ya msingi ni GHz 2.4, na kiini kimoja kikisukumwa hadi mwisho kinafika GHz 3.3. Hata Ryzen 5 5600 ya 2022, iliyo ndogo kuliko hizo mbili nilizokutajia, inafika 4.4, na 7600 ya 2023 inafika 5.1. Na usizilinganishe GHz hizo kana kwamba zina uzito mmoja, maana kiini cha kisasa hufanya kazi nyingi zaidi katika kila mdundo. Ukichanganya yote mawili, kiini kimoja cha Ryzen 5 5600 kinafanya zaidi ya mara moja na nusu ya kiini kimoja cha Xeon hiyo. Muuzaji hatakwambia jambo la pili: hata viini vyote vikifanya kazi kwa pamoja, viini 6 vya 5600 vinakaribia viini 14 vya Xeon, na 5700X yenye viini 8 inavipita. Kwa hiyo hesabu ya viini aliyokupa ni ya kweli, lakini haikufikishi popote.

Gemu ndiyo kabisa. Gemu nyingi huwa na uzi mmoja mkuu unaoongoza kila fremu (kila picha moja ya gemu), na ukichelewa huo, kadi ya grafiki inabaki kungoja. Xeon hiyo ina nguvu ya kutosha EA Sports FC, lakini Warzone yenye wachezaji wengi mahali pamoja itakatakata hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Tena Z440 haiko kwenye orodha ya Windows 11, ambayo kwa upande wa Intel huanzia prosesa za kizazi cha 8, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Call of Duty, ambayo Warzone ni sehemu yake, siku hizi inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni vipengele vya usalama vya mashine, na mashine nyingi za umri wa Z440 zilitoka kiwandani na TPM 1.2. Kadi yenyewe, Quadro M4000, ni ya kizazi cha Maxwell cha 2015, na NVIDIA ilisimamisha draiva mpya za gemu za kizazi hicho Oktoba 2025. Yaani ungeanza na mashine ambayo milango yake inafungwa mmoja baada ya mwingine.

Ni haki niseme Z440 inamfaa nani. Mtu anayerenda, yaani anayetoa picha za mwisho za jengo, kwa V-Ray au Corona usiku kucha kwa kutumia prosesa, au anayeendesha kompyuta kadhaa pepe ndani ya moja, na anayetaka RAM nyingi kwa bei nafuu, huyo ataipenda. Imejengwa imara. Ila wewe unarenda kwa Lumion, na Lumion hurenda kwa kadi ya grafiki, sawa na Twinmotion na Enscape. Kazi pekee ambayo ingevitumia viini 14 hivyo, huifanyi.

Twende kwa binamu. Core i7-14700K ni prosesa yenye nguvu kweli: viini 8 vikubwa, 12 vidogo, nyuzi 28. Tatizo la kwanza ni UPS yako, na hapa tupige hesabu. Ikisukumwa kikamilifu prosesa hiyo hula hadi wati 253. Ongeza kadi ya RTX 4060, wati 115. Madabodi, RAM, SSD na feni, weka wati 50. Jumla ni 418. Pawa saplai ya daraja la Bronze hupoteza kidogo njiani, kwa hiyo ukutani inavuta karibu 480, na skrini inakufikisha 505. UPS nyingi za VA 650 zinabeba wati 360 hadi 390 tu; soma kibandiko cha nyuma, tafuta namba yenye W, si ile ya VA. Siku stima itapotea katikati ya kazi nzito, UPS italia mara moja na kuzima kila kitu, faili ikiwa wazi.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa Ryzen 5 7600. Kikomo chake cha kuvuta ni wati 88. Kadi 115, vingine 50, jumla 253. Ukutani kama 290, na skrini 315. Inaingia kwenye UPS uliyo nayo. Kwa 5700X, ambayo kikomo chake ni wati 76, inaingia kwa nafasi zaidi. Dakika za kukaa na betri hazitakuwa nyingi, lakini zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Tatizo la pili la 14700K ni joto, na la tatu ni historia yake. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zenye nguvu kubwa zilipatikana na hitilafu ya volteji iliyokuwa ikizichakaza taratibu mpaka programu zinaanguka bila sababu ya wazi. Intel ilitoa marekebisho ya maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) kupitia BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye madabodi), 0x129 mwezi Agosti 2024 na 0x12B mwezi uliofuata, na ikaongeza dhamana ya prosesa hizo kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia uharibifu. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Mpya yenye BIOS mpya haina shaka kubwa. Ya mkono wa pili, ambayo hujui ilikaa miezi mingapi kwenye BIOS ya zamani, usiiguse. Na hata bila hayo yote, prosesa hiyo pamoja na madabodi inayoiweza na kipozeo kinachoistahili vingekula akiba yako, ukabaki na pesa ya kadi ndogo ambayo Lumion ingeilemea siku ya kwanza.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Kwa mtu wa Lumion na gemu, prosesa nzuri ni ile inayokubakishia pesa ya kadi na ya RAM. Kadi ya grafiki ichukue theluthi ya akiba au zaidi. Prosesa isizidi sehemu moja kati ya tano. Kilichobaki kigawanywe kwa madabodi, RAM, SSD ya NVMe ya TB 1, pawa saplai na kasha.

RAM ndiyo inayoamua kati ya 7600 na 5700X. ArchiCAD, Lumion na Photoshop zikifunguka pamoja, GB 16 zinajaa, na RAM ikijaa Windows huanza kuandika kwenye SSD; hapo hata prosesa ya laki moja itaonekana goigoi. Kwako GB 32 ni lazima. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, na DDR5 ndiyo inayouma. Kwa hiyo omba bei mbili zilizoandikwa. Ya kwanza: Ryzen 5 7600, madabodi ya B650, DDR5 GB 32 kwa vipande viwili vya 16. Ya pili: Ryzen 7 5700X, madabodi ya B550, DDR4 GB 32 kwa vipande viwili. Kama tofauti unaweza kuibeba bila kuipunguza kadi, chukua ya kwanza. Kiini kimoja cha 7600 kina kasi kuliko cha 5700X, na viini vyote vikishirikiana zinakaribiana sana ingawa moja ina 6 na nyingine 8. Tena soketi yake ya AM5 (tundu la prosesa kwenye madabodi), AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo baadaye unaweza kubadilisha prosesa peke yake. AM4 ya 5700X imefika mwisho wa safari. Lakini kama DDR5 inakulazimisha ushuke hadi GB 16 ili hesabu itimie, chukua 5700X bila kujuta. Mchoraji mwenye 5700X na GB 32 atafanya kazi kwa raha kuliko mwenye 7600 na GB 16.

Ziko prosesa zenye majina yanayomalizikia na X3D, kama 5700X3D na 7800X3D, ambazo vijana wa gemu huzisifu, na mdogo wako pengine amezisikia. Zimebandikwa kache (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa) kubwa ya MB 96 badala ya 32, na kwenye gemu kache hiyo inasaidia kweli. ArchiCAD na Photoshop hazinufaiki nayo kwa kiasi hicho, na 5700X3D hasa imepunguzwa kasi hadi GHz 4.1, hivyo kwenye kuchora inashindwa na 5700X ya kawaida. Juu ya hayo, skrini yako ni ya hezi 60: inaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Prosesa ikitoa fremu 180, macho yenu hayataziona zote. Mwambie asubiri siku mtakaponunua skrini ya hezi 144.

Soma jina la prosesa hadi herufi ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Ryzen 7 5700 isiyo na X si sawa na 5700X. Ina kache ya MB 16, nusu, na hutumia PCIe (njia ya mawasiliano na kadi) ya 3.0 badala ya 4.0. Ryzen 5 5500 ni vivyo hivyo, na 5600G na 5700G pia. Kwenye soketi ya AM5, 7500F ni karibu sawa na 7600 lakini haina grafiki ya ndani. Grafiki hiyo ndogo ya 7600 haifai kwa gemu, ila siku kadi ikiharibika au ikiwa njiani kutoka Nairobi, utaendelea kupata picha kwenye skrini na kufanya kazi ndogo. 5700X haina kabisa: kadi ikifa, skrini ni nyeusi. Kwa upande wa Intel, F mwishoni mwa jina, kama i5-12400F, ina maana hiyohiyo ya kukosa grafiki. Ukianza kazi ya kuhariri video za harusi kwa Premiere, Intel isiyo na F ina faida ya Quick Sync katika kufungua video za simu na kamera, na hapo ningekushauri tofauti. Kwa kazi uliyonieleza, Ryzen inatosha.

Kadi, kwa ufupi: RTX 4060 ya GB 8 inafaa gemu za 1080p na Lumion ya nyumba za kawaida. Kama miradi yako ni ya mitaa mizima yenye miti na nyasi nyingi, kumbukumbu ya kadi itajaa, na Lumion ikikosa nafasi hupunguza mwendo au huanguka. Kwa kazi hiyo RTX 3060 ya GB 12 ni bora ingawa ni ya zamani, lakini inakula wati 170, na kwa hesabu ile ya juu utafika karibu 380. Hapo UPS yako iko ukingoni. Ukiichagua, tenga pesa ya UPS kubwa zaidi, yenye angalau wati 600. Pawa saplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze inatosha kwa kadi yoyote kati ya hizo mbili.

Kisumu ina joto, na hilo lihesabu. Joto la prosesa hupanda sambamba na la chumba: mashine inayosoma nyuzijoto 78 kwenye chumba cha nyuzijoto 22 Nakuru, itasoma kama 86 kwenye chumba cha nyuzijoto 30 Nyalenda. Ryzen 5 7600 imetengenezwa kuvumilia hadi 95 kabla ya kujipunguza kasi, na kwenye kisanduku chake huja na kipozeo kidogo, Wraith Stealth. Kitafanya kazi, ila kwa kelele mchana. Kipozeo cha mnara chenye feni moja ya mm 120 ni pesa iliyotumika vizuri. 5700X haiji na kipozeo chochote, na kikomo chake ni nyuzijoto 90, kwa hiyo bei ya fundi iwe tayari imejumuisha kipozeo, uliza. Kasha liwe na chandarua cha chujio mbele kinachotoka bila kufungua skrubu. Wale wadudu wa ziwani wakija kwa wingi usiku hufuata mwanga, na kasha lenye taa za rangi karibu na dirisha litawavuta ndani mpaka wazibe mapezi ya kipozeo. Weka kasha mbali na dirisha, zima hizo taa, osha chujio kila mwezi na mara mbili msimu wao ukifika.

Kama sehemu zinatoka Nairobi kwa basi, zisafiri kwenye visanduku vyake, na fundi wako aunganishe Kisumu. Mashine iliyoundwa tayari ikisafirishwa huku kadi na kipozeo cha mnara vimo ndani, mitikisiko ya njiani huning'iniza uzito wote kwenye soketi, na nimewahi kuona madabodi nyingi zikifika zimepasuka hapo. Lipa kwa till au paybill ya duka, usitume kwa namba ya mtu, na risiti iandikwe jina kamili la prosesa pamoja na muda wa dhamana. Ukifungua kifurushi, rekodi video kuanzia kwenye utepe.

Kabla fundi hajaifunga, chungulieni pini. Kwa 5700X pini ziko chini ya prosesa yenyewe. Ishike kwa kingo, iinamishe kwenye mwanga, mistari yote iwe imenyooka. Kwa 7600 pini ziko kwenye soketi ya madabodi, nyembamba mno, na mojawapo ikipinda utakuta nusu ya RAM haionekani. Pesti ya kupozea iwe tone la ukubwa wa punje ya mbaazi, katikati. Na ile karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipozeo ibanduliwe. Ikisahaulika, prosesa itagonga kikomo cha joto ndani ya dakika ya kwanza.

Vipande viwili vya RAM viingie nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, chini, si kwenye madabodi juu. Kwa 5700X, uliza kama BIOS ya B550 ni mpya kiasi cha kuitambua. Kwa 7600, mara ya kwanza mkiwasha skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa huku madabodi ikiipima RAM. Msiizime. Wengi huizima hapo, wakairudia, wakaizima tena, mwisho wakarudisha madabodi nzima dukani. Iwe kwenye UPS wakati huo.

Ikishawaka, ingieni BIOS muwashe mpangilio wa kasi ya RAM: EXPO kwa DDR5, au XMP kwa DDR4, ambayo madabodi nyingine huiita DOCP. Bila hiyo, RAM mliyonunua kwa kasi ya 6000 itatembea kwa 4800, na ya 3200 huenda ikatembea kwa 2133 au 2400. Hili nalo linapunguza fremu za gemu waziwazi. Kisha sakinisha CPU-Z usome jina, idadi ya viini na L3 (ile kache), ambayo lazima iwe MB 32 kwa prosesa zote mbili. Endesha Cinebench, programu ya kuipima prosesa, kwa dakika 10, HWiNFO inayoonyesha joto na kasi ikiwa wazi kando, saa nane mchana chumba kikiwa na joto lake la kweli. Joto lisigonge kikomo, na kasi isianguke ghafla katikati. Mkimaliza, wekeni mradi mzito wa Lumion, chomoeni UPS ukutani kwa sekunde 10 mkiwa mmehifadhi kila kitu, mwone kama inabeba.

Kuhusu OptiPlex: skrini, kibodi, maus na SSD ya SATA kama unayo vinahamia mashine mpya bila shida, na SSD hiyo ifanye kazi ya kutunza nakala za miradi. RAM yake ni DDR3, haiingii kwenye AM4 wala AM5. Pawa saplai yake ni ndogo na plagi yake ya madabodi ni ya Dell peke yake, ya pini 8, haiingii kwenye madabodi ya kawaida ya pini 24. Kasha halikubali madabodi mpya bila kukata chuma. Toa SSD, futa faili za wateja, rudisha diski ya kawaida ndani, na uiuze kwa mtu wa cyber au mwanafunzi wa kuandika insha, ukimwambia wazi kwamba Windows 11 haimo kwenye uwezo wake rasmi.